Chambo cha Kesho: Visamaki, Chumvi na Umeme wa Kolwezi

Jioni ya Jumapili, kando ya Ziwa Nzilo, kaskazini mwa Kolwezi, mvuvi wa ndoana hubaki na beseni ambalo hesabu yake haijafungwa. Asubuhi alipata visamaki vya chambo vingi kuliko ndoana zake. Mchana kutwa ametumia nusu. Nusu iliyobaki imelegea, macho yamefifia, nzi wameshaijua njia. Afanye nini nayo? Ampe paka? Ampelekee mke wake ikiwa imeshaanza kunuka? Aihifadhi mpaka Jumamosi ijayo? Wengi huimwaga pale pale ukingoni. Na Jumamosi, alfajiri, kabla hawajatupa hata ndoana moja, wanaanza tena kukokota chandarua katika manyasi ya maji haba, mahali pale pale samaki wanapolelea watoto wao.

Ndiyo maana naona suala la kuhifadhi chambo halipaswi kuachiwa wapenzi wa kuvua kwa burudani peke yao. Chambo kinachooza huvuliwa mara mbili. Mara ya kwanza kwa ajili ya ndoana, mara ya pili kwa sababu cha kwanza kimetupwa. Katika mkoa kama Lualaba, ambako mito inabeba mzigo wa migodi na vinywa vinavyosubiri samaki vinaongezeka kila mwaka, kila beseni linalookolewa ni mkokoto mmoja wa chandarua usiofanyika. Basi tuzipime njia tulizo nazo, moja baada ya nyingine, kwa hali halisi ya hapa petu.

Kwanza tuelewe kinachotokea ndani ya beseni. Samaki akishakufa, maji yake ya tumboni, yale yaliyokuwa yakimeng'enya chakula, hayajui kwamba mwenyewe amekufa. Yanaendelea na kazi, sasa yakimmeng'enya yeye. Ndiyo sababu visamaki hupasuka tumbo kabla ya kuharibika mgongo. Baada ya hapo bakteria waliokuwa kwenye matamvua, kwenye utelezi wa ngozi na kwenye utumbo huingia nyamani. Vyote viwili huenda mbio kwenye joto na hupunguza mwendo kwenye baridi, kwenye ukavu na kwenye chumvi. Kisamaki kidogo kina bahati mbaya zaidi, kwa kuwa tumbo lake ni sehemu kubwa ya mwili wake na nyama yake ni nyembamba, kwa hiyo joto humpata haraka. Saa tatu za jua ndani ya beseni lisilofunikwa zinatosha kuharibu kazi yote. Mvuvi anayetaka kuhifadhi chambo jioni amechelewa tayari. Chambo cha kesho hutengwa asubuhi, kingali kigumu, na hufunikwa kwa gunia bichi kivulini.

Kuna swali la pili ambalo wengi hulisahau, nalo ni nani atakayekila hicho chambo. Kambare huwinda usiku, katika maji ya matope, akitumia sharubu zake na ngozi yake yenye hisi ya kuonja. Kwake harufu ndiyo taa. Chambo kikiwa kimebadilika rangi, kimekunjamana, hata kimeanza kunuka kidogo, hajali. Lakini kibebe, yule samaki mwenye meno ya nje ambaye wenzetu wa mto Kongo humwita mbenga, anayepatikana huko chini mto Lualaba unakoingia kwenye maziwa ya Upemba, huwinda kwa macho. Anataka kitu kinachong'aa na chenye umbo la samaki. Mpe kisamaki kilichopauka, atakipita. Sangara wa Ziwa Viktoria naye yuko upande huo huo wa macho, na ndiyo maana wavuvi wa kule wanataka chambo kilicho hai. Kwa hiyo hakuna njia moja ya kuhifadhi iliyo bora kwa wote. Mvuvi wa Nzilo anayetafuta kambare ana uhuru mkubwa kuliko wote, na uhuru huo hautumii.

Watu wengi, ukiwauliza, watakujibu kwa neno moja: kongelateri. Tia kwenye mfuko, gandisha, toa Jumamosi. Ni jibu la kueleweka. Kwenye pwani ya Kenya, mashua zinazobeba wageni kwenda kuvua sulisuli na nduaro hutegemea chuchunge waliogandishwa, wakiwa wamepangwa wamenyooka kama penseli ili mdomo na mapezi visivunjike. Kazi hiyo ina mtambo wa barafu nyuma yake, na mteja anayelipa.

Kolwezi ina habari nyingine. Mji huu uko kwenye ncha ya mojawapo ya njia ndefu kabisa za umeme duniani. Tangu 1982 nyaya zinatoka bwawa la Inga, karibu na bahari ya Atlantiki, zinapita msitu na savana kilomita 1,700 hivi, mpaka kituo cha Kolwezi. Juu ya hayo, mabwawa ya Nzilo na Nseke yaliyojengwa miaka ya 1950 juu ya Lualaba ni jirani zetu. Ziwa lenyewe tunamovua lilizaliwa kwa ajili ya umeme. Lakini nyaya hizo ziliwekwa kwa ajili ya shaba, na mpaka leo shaba ndiyo inayokula kwanza. Mitaani taa huzimika, hurudi, huzimika tena, na mwenye kongelateri huiweka kama sanduku la bahati nasibu.

Hilo la kuzimika na kurudi ndilo linaloua chambo, na sababu yake inafaa kuelezwa vizuri. Kongelateri ya nyumbani hugandisha polepole. Maji yaliyo ndani ya nyama yanapoganda polepole hutengeneza vipande vya barafu vikubwa, vyenye ncha, vinavyotoboa kuta za chembe za nyama. Kisamaki kikiyeyuka, maji hutiririka nje na nyama hubaki kama ugali uliomwagiwa maji. Hakishiki ndoana, na ukitupa mshipi kwa nguvu kinaruka peke yake upande mwingine. Sasa fanya hivyo mara moja kwa Jumatatu, mara nyingine kwa Jumatano, na tena usiku wa Ijumaa. Kila umeme ukikatika chambo kinayeyuka kidogo, kila ukirudi kinaganda upya, na kila mzunguko unatoboa chembe zilizokuwa zimebaki. Jumamosi unatoa uji wenye magamba.

Siwakatazi wenye mashine ya umeme ya nyumbani au sahani za jua wasigandishe. Lakini wafanye kwa akili: visamaki vikaushwe maji kwa kitambaa, vipangwe safu moja bila kurundikana, hewa itolewe mfukoni, na kila mfuko uwe na chambo cha siku moja tu ili kisirudishwe. Na wavinyunyizie chumvi kabla, maana chumvi hunyonya sehemu ya maji, na penye maji machache barafu haina cha kuvunja. Hapo ndipo mtu anapogundua kwamba hata njia ya baridi inasimama juu ya mguu wa chumvi.

Chumvi, au munyu kama bibi zetu wasemavyo, ndiyo ninayotaka kukaa nayo.

Nchi hii haikuanza kuhifadhi samaki jana. Mwaka 1957 mtafiti wa mambo ya kale Jacques Nenquin alichimba makaburi ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale, kwenye bonde la Upemba. Walikuwamo watu waliozikwa zaidi ya miaka elfu iliyopita pamoja na vyungu vizuri, na baadaye misalaba midogo ya shaba. Shaba haichimbwi Kisale. Ilitoka kusini, katika vilima hivi vyetu. Wanahistoria wa Waluba wanaamini kwamba kilichopanda kwenda kusini kubadilishana nayo ni samaki waliokaushwa, kwa kuwa ndicho kitu ambacho bonde lile lilikuwa nacho kwa wingi na ambacho kinaweza kusafiri siku nyingi begani. Kama ni hivyo, basi samaki asiyeoza ni miongoni mwa bidhaa za kwanza kabisa za biashara ya nchi hii, kabla ya mzungu yeyote kuuliza bei ya kobalti.

Chumvi nayo ilikuwa yetu. Chemchemi za chumvi za Mwanshya, katika bonde la Lufira, zilijulikana mbali, na wakati wa Msiri, mfalme wa Wayeke aliyetawala kutoka Bunkeya hadi alipouawa Desemba 1891, misafara ilibeba chumvi pamoja na shaba na pembe. Upande wa mashariki, chumvi ya Uvinza kwenye mto Malagarasi, Tanzania, ililisha watu wa pande zote za Ziwa Tanganyika. Na penye kukosa chemchemi, akina mama walichoma majani ya kinamasi, wakachuja majivu, wakachemsha mpaka ikabaki chumvi chungu kidogo yenye rangi ya kijivu. Waswahili wa pwani wana neno ng'onda kwa samaki aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa. Neno lile linabeba ujuzi mzima ndani ya silabi mbili.

Kazi ya chumvi ni rahisi kuielewa. Inavuta maji kutoka ndani ya nyama na kutoka ndani ya bakteria wenyewe. Penye maji machache hakuna uozo. Na kwa mvuvi wa ndoana kuna faida ya ziada ambayo baridi haiwezi kumpa: nyama iliyotiwa chumvi hukaza. Ngozi inakuwa kama ngozi ya kiatu, inainama bila kupasuka, na ndoana ikishaingia haitoki. Wanaovua kwenye mikondo chini ya bwawa, ambako maji yanavuta chambo usiku kucha, wanajua thamani ya hilo.

Namna ya kufanya ni hii. Visamaki visivyozidi urefu wa kidole viachwe vizima, vilivyo vikubwa zaidi vitolewe matumbo na matamvua. Vioshwe kwa maji safi, vichujwe, vikaushwe juu ya kitambaa. Chukua chumvi uzito wa sehemu moja kwa kila sehemu tatu za samaki. Ya mawe ndiyo nzuri. Ile laini ya mezani, ikiwa peke yake, hukausha ngozi ya nje kwa haraka mno ikajenga ukoko, na ndani chumvi isifike. Changanya zote mbili kama ya mawe haitoshi. Weka safu ya chumvi chini ya chombo, safu ya visamaki, safu ya chumvi, mpaka juu, halafu weka sahani na jiwe safi. Kesho yake utakuta visamaki vinaogelea katika maji yao wenyewe. Usiyamwage. Siku ya pili au ya tatu, vikiwa vimekaza, vitoe, vipange kwenye chupa ya mdomo mpana pamoja na chumvi mpya kavu, ufunge.

Yale maji ya chumvi yaliyotoka ni hazina. Yamebeba harufu yote iliyokamuliwa nyamani, na harufu hiyo ndiyo kambare anayoifuata. Yachuje, yatie kwenye chupa ndogo, na ukifika ziwani chovya chambo humo kabla ya kutupa. Wanaolalamika kwamba samaki wa chumvi hanuki vya kutosha mara nyingi ndio walioimwaga harufu wenyewe.

Ambaye hataki visamaki vikavu anaweza kuvizamisha katika maji ya chumvi yaliyoshiba, yaani maji yasiyoweza tena kuyeyusha chumvi zaidi. Ni gramu 360 hivi kwa lita moja. Kipimo cha mtaani ni kuendelea kutia na kukoroga mpaka chembe zibaki chini zisiyeyuke hata ukikoroga. Humo visamaki hubaki na umbo na sehemu ya mng'ao wao, jambo linalowafaa wanaowinda samaki wa macho. Chini ya kipimo hicho usijidanganye: maji yenye chumvi kidogo hayahifadhi kitu, yanachelewesha tu harufu.

Adui wa chumvi huku kwetu ni mvua, kuanzia Novemba mpaka Aprili. Hewa ikizidi unyevu wa asilimia 75 hivi, chumvi yenyewe huanza kunywa maji kutoka hewani na kulowana. Kifuniko kisichobana kitageuza chupa yako kuwa dimbwi. Ukiona utando mwekundu kama waridi juu ya samaki, wameingia bakteria wanaopenda chumvi. Hao hawatoki kwa kuoshwa, na chombo hicho kisafishwe kwa maji ya moto kabla ya kutumika tena.

Kukausha kwa jua na kwa moshi nitavipitia kwa haraka. Sokoni Kolwezi tunawajua kapenta, wale visamaki wa Ziwa Tanganyika waliopandikizwa Ziwa Kariba mnamo 1967 na 1968 na ambao sasa hutujia wakiwa wakavu, wengine wametiwa chumvi kabla ya kuanikwa. Kwa mchuzi na bukari, yaani ugali wetu, ni watamu. Kwenye ndoana ni wepesi kuvunjika, wanahitaji kulowekwa, na hata hapo hufaa wakishikanishwa watatu au wanne pamoja. Samaki wa moshi ni mbaya zaidi, kwa kuwa moto umeshampika na nyama yake inamomonyoka ndani ya maji. Kazi yake nzuri ni kupondwa, kuchanganywa na pumba za mahindi na kurushwa majini kuwaita kambare karibu. Lakini kuchoma kuni au makaa kwa ajili ya chambo, wakati miombo ya pande zote za mji imeshakatwa kiasi hiki, siwezi kulishauri. Jua la kiangazi, Mei hadi Septemba, ni la bure, na upepo wake mkavu unafanya kazi nzuri kwa visamaki vilivyokwisha kutiwa chumvi siku moja.

Njia iliyobaki ni ile ya zamani kuliko zote, nayo ni kutokumuua. Wavuvi wa Maldivi wanaovua jodari kwa fimbo hubeba chambo hai ndani ya tumbo la mashua, penye matundu yanayoingiza na kutoa maji ya bahari muda wote. Ziwa Viktoria, wavuvi wa mishipi mirefu wanayoiita migonzo huhitaji mamia ya visamaki hai kwa usiku mmoja. Walitumia furu, mdomodomo na vitoto vya kambare waliovuliwa kwenye vinamasi na midomo ya mito, mpaka vinamasi vikaanza kulia. Kenya na Uganda jibu moja lilipatikana shambani: wafugaji walianza kuzalisha vifaranga vya kambare kwenye mabwawa na kuwauzia wavuvi wa sangara kama chambo. Baadhi yao walipata soko la chambo kabla ya soko la kitoweo. Hapo pana somo kubwa kwetu.

Kambare amejaliwa kiungo kinachovuta hewa ya juu. Anaweza kukaa kwenye ndoo ambayo samaki mwingine angekufa ndani ya saa moja, na anaweza kusafiri ndani ya gunia bichi juu ya pikipiki kutoka mjini hadi Nzilo akafika anachezesha mkia. Perege na visamaki vingine havina bahati hiyo. Maji ya nyuzi 20 yaliyo usawa wa bahari hubeba miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita, na yakifika nyuzi 30 hubeba saba na nusu tu. Kolwezi tuko juu, zaidi ya mita 1,400, hewa ni nyepesi, kwa hiyo ondoa karibu sehemu moja ya sita ya hizo. Ndoo iliyoachwa juani nyuma ya gari ni jeneza. Visamaki vichache, maji mengi, kivuli, na kubadilisha maji kidogo kidogo ndiyo dawa. Maji ya bomba yana klorini na lazima yakae wazi siku nzima kabla ya kuingiza samaki. Vitoto vya kambare navyo vitenganishwe kwa ukubwa, la sivyo kesho utakuta wachache walionenepa.

Mabwawa si kitu kigeni kwetu. Kituo cha ufugaji wa samaki cha Kipopo, karibu na Lubumbashi, kilianza kazi miaka ya 1940, na mwishoni mwa miaka ya 1950 nchi nzima ilihesabiwa kuwa na mabwawa ya samaki zaidi ya 100,000. Mengi yalijaa majani baada ya hapo. Kijana anayefufua bwawa moja pembeni ya mji asiangalie soko la kitoweo peke yake. Vifaranga vya kambare vya wiki chache, visivyofikia bado ukubwa wa kitoweo, vinaweza kuuzwa kwa wavuvi wa ndoana na kumrudishia fedha ya chakula cha samaki mapema.

Chambo hai kina hatari yake, na hapa sitazungumza kwa kubembeleza. Mgongo wa nchi unaogawa maji ya Kongo na maji ya Zambezi unapita kusini mwetu. Zambezi yenyewe huanzia pande za Mwinilunga, Zambia, karibu kabisa na mpaka wa mkoa wa Lualaba. Anayebeba ndoo ya visamaki hai kwa gari kutoka upande mmoja wa mgongo huo na kumwaga mabaki upande wa pili anaunganisha mito miwili ambayo haikuunganika. Mwaka 2006 ugonjwa wa vidonda vya samaki ulionekana katika mto Chobe na Zambezi ya juu, ukawafanya samaki kuwa na mashimo mekundu ubavuni na wateja wakakimbia masoko. Ugonjwa huo huenda na maji na samaki. Kamba wa maji baridi kutoka Australia wameshaenea Kafue na Kariba baada ya kutoroka mashambani, wakikata nyavu na kula samaki waliomo ndani. Kwa hiyo chambo hai kitumike katika maji yale yale kilikotoka, au kitoke bwawani, na kinachobaki kiuawe na kutiwa chumvi. Kisimwagwe ziwani hata kama moyo unaona huruma.

Jambo jingine linaihusu nchi ya shaba peke yake. Si kila maji ya Kolwezi yanafaa kutolewa chambo. Uchafuzi wa mito kama Luilu na Musonoie umeandikwa na watafiti kwa miaka mingi, na mwaka 2024 mashirika ya RAID na AFREWATCH yalitoa ripoti ambamo wakazi wa vijiji vya kandokando ya migodi walieleza namna maji yao yalivyoharibika. Februari 2025, upande wa pili wa mpaka, ukuta wa bwawa la taka za tindikali la mgodi ulibomoka huko Chambishi na samaki wakafa katika mto unaoingia Kafue. Shaba ikizidi majini huanza kuua visamaki vidogo, kwa kuharibu matamvua. Wanaosalia hubeba madini mwilini, na chumvi wala baridi haiondoi madini. Chambo huliwa na kambare, kambare huliwa na mtoto wako. Mvuvi asijifariji kwamba ni chambo tu.

Angalia na chombo pia. Madumu makubwa ya plastiki yaliyobeba kemikali za viwandani huuzwa tena mitaani kwa bei nafuu, na watu huyafanya matangi ya maji. Kuhifadhi visamaki hai ndani yake ni kuviua, na kuvitia chumvi ndani yake ni kupika sumu polepole. Chombo kiwe kile kilichowahi kubeba chakula: ndoo ya mafuta ya kupikia, chupa ya mayonezi, sufuria iliyochakaa.

Na wapo wasiokuwa na sababu ya kuvua chambo kabisa. Kolwezi inakula chinchadi, yule samaki wa bahari tunayemwita Thomson, anayekuja akiwa ameganda, wengi wao kutoka Namibia. Wakati wa kumsafisha, vichwa na matumbo hutupwa au huachiwa mbwa. Nenda jioni kwa muuza samaki uliyezoeana naye, umwambie, "Mama, leo uniwekee vichwa na mikia," naye mara nyingi atakujibu, "Papa, chukua yote, unanisaidia usafi." Vipande hivyo vina mafuta, vinanuka mbali, na vikitiwa chumvi siku mbili hukaza kama ngozi. Kwa kambare sijaona chambo kilichohifadhiwa kinachovishinda. Hakuna mtoto wa samaki wa Nzilo aliyekufa kwa ajili yake.

Kwa mtu wa Musumba ya Kapanga, huko makao ya Mwant Yav, mfalme wa Walunda, yaliko, hukumu yangu ni nyepesi zaidi. Njia ya kuja Kolwezi ni ndefu, wakati wa mvua ni mbaya, na barafu haiwezi kufika ikiwa barafu. Yeye achague chumvi na ndoo ya kambare, wala asione kwamba amekosa kitu. Mtu wa Kolwezi mwenye kongelateri anaweza kudhani yuko mbele, na umeme ukikatika usiku wa tatu wako sawa.

Wanaovua kwa chandarua cha mbu wasilaumiwe kwa ukatili. Chandarua ni cha bure au cha bei ndogo, na kinapata visamaki haraka kuliko chombo kingine. Lakini tuangalie kinachonaswa. Perege jike hubeba mayai na watoto kinywani mwake kwa wiki kadhaa, anakula kidogo sana, anawalinda, mwisho anawaachia katika maji haba yenye manyasi, kwa sababu samaki wakubwa hawafiki hapo. Ni maji hayo hayo tunayoyakokota alfajiri. Kiganja kimoja cha chambo kinaweza kuwa uzazi mzima wa mama mmoja.

Jumapili hii, ndugu yangu, usimwage beseni. Osha visamaki vilivyo imara, vipange, vifunike kwa chumvi ya mawe, andika tarehe juu ya kifuniko, uweke chini ya kitanda penye ubaridi. Jumamosi shuka ziwani ukiwa na chupa yako na ndoana zako, chandarua ukiache kwenye kitanda cha watoto.